Uzi: Kopatchinskaja na konseto tatu (Bartók, Eötvös, Ligeti): ugumu wake uko wapi na usikilize nini

Fidla Mkunazini (mwanzisha uzi)

Habari zenu wanajukwaa. Kuna albamu moja ya fidla inayotajwa humu mara kwa mara, na kila ikitajwa anatokea mtu anaandika "kelele tu zile" na mjadala unaishia hapo. Leo tuifungue taratibu.

Mpigaji ni Patricia Kopatchinskaja, mzaliwa wa Chişinău, Moldova, mwaka 1977. Mama yake mpiga fidla, baba yake mpiga cimbalom, kile chombo cha nyuzi kinachogongwa kwa vijiti viwili. Familia ilihamia Vienna 1989. Fidla yake imeundwa na Giovanni Francesco Pressenda mwaka 1834. Albamu ilitolewa na Naïve mwaka 2012, CD mbili, na mwaka uliofuata jarida la Gramophone la Uingereza likaipa tuzo ya rekodi ya mwaka.

Ndani yake mna konseto tatu, yaani kazi za mpigaji mmoja mbele ya okestra: Na. 2 ya Béla Bartók (1937–38), *Seven* ya Peter Eötvös (2006) na Konseto ya György Ligeti, iliyoanza kusikika 1990 na kukamilika 1992. Kondakta wa zote tatu ni Eötvös mwenyewe. Bartók na *Seven* zinapigwa na okestra ya redio ya Frankfurt; Ligeti anapigwa na Ensemble Modern. Hapo pana jambo kubwa: ni Eötvös huyo huyo na Ensemble Modern hao hao waliozindua toleo kamili la Ligeti jijini Cologne tarehe 8 Oktoba 1992, fidla ikiwa mikononi mwa Saschko Gawriloff. Rekodi hii basi imefanywa na watu waliokaa na kazi hiyo takriban miaka 20. Na watunzi wote watatu, Wahungaria, walizaliwa katika miji ambayo leo iko Romania, jirani kabisa na alikotoka Kopatchinskaja.

Hoja yangu ni hii. Watu wanadhani ugumu wa konseto hizi ni kasi ya vidole. Kasi ipo, lakini Paganini, bingwa wa fidla wa zamani, naye ana kasi. Ugumu wenyewe ni wa sikio na wa mapigo: mpigaji anatakiwa kusimama kwenye sauti yake wakati okestra nzima imewekwa kwenye sauti nyingine kwa makusudi, na kushika mwendo wake wakati kondakta anahesabu mwendo mwingine. Ukishajua hilo, usikilizaji unabadilika.

Naanza na Ligeti kwa sababu ndiko kwenye mengi. Ulizeni, wengine waongeze.

Mwanakwaya Besi

Mkuu asante kwa uzi. Swali la mwanafunzi: mwanzo wa Ligeti nasikia kama kuna watu hawajatyuni. Fidla ya mbele iko sawa ila nyuma yake kuna kitu kimepinda. Ni rekodi, ni masikio yangu, au ndivyo ilivyoandikwa?

Fidla Mkunazini

Ndivyo ilivyoandikwa, na masikio yako yako vizuri kabisa.

Katika ile okestra ndogo (fidla 5, viola 3, chelo 2, besi kubwa 1, na wapulizaji 10) kuna fidla moja na viola moja ambazo hazikutyuniwa kama wenzake. Utaratibu huo unaitwa skordatura. Hazikwenda kombo kiholela. Fidla inachukua sauti yake kwenye hamoniki (sauti nyembamba ya juu iliyofichika ndani ya uzi) ya 7 ya besi kubwa, na viola kwenye hamoniki ya 5. Yaani mpiga besi anagusa uzi wake kidogo tu bila kuukandamiza, hamoniki inalia, na mwenzake anakaza uzi wake mpaka ulingane na sauti hiyo.

Sasa hesabu. Gawa kila nusu-toni ya piano (hatua kati ya funguo mbili zinazofuatana) vipande 100, viite senti. Hamoniki ya 7 ya asili iko senti 31 chini ya noti yake ya piano. Hamoniki ya 5 iko senti 14 chini. Kwa hiyo uzi wa E wa fidla ile unafika F ambayo si F ya piano, iko senti 31 chini yake, sawa na kupanda senti 69 kutoka E. Nyuzi nyingine nazo zinaufuata. Matokeo yake, okestra moja ina makundi matatu ya sauti kwa wakati mmoja: walio kawaida, fidla ile, na viola ile. Ule mpindo unaousikia nyuma ndio huo.

Kopatchinskaja yeye yuko kawaida. Anaanza kwa kunong'ona, nyuzi tupu (zisizokandamizwa kwa kidole) na hamoniki zikipishana haraka, halafu hao wawili wanaingia chini kwa chini. Kazi yake ni kutokufuata. Mpigaji wa fidla amefunzwa tangu utotoni kusogeza kidole ili alingane na jirani. Hapa akisogeza hata kidogo ameharibu.

Seli na Besi

Naongeza upande wa yule anayekaa kwenye kiti cha fidla iliyokazwa, maana ndiye anayepata shida ambayo msikilizaji haioni.

Noti zake zimeandikwa kwa mahali pa kuweka kidole, si kwa sauti itakayotoka. Anaona A kwenye karatasi, anaweka kidole mahali pa A, inatoka sauti nyingine. Sikio linagoma. Ndani ya dakika chache kidole kinaanza "kurekebisha" chenyewe, kinateleza nyuma milimita mbili tatu kutafuta ile A aliyozoea, na skordatura yote imekufa bila mtu kukusudia. Kondakta asiposikia mapema, okestra inafika siku ya tamasha ikiwa imenyooka kama ya Mozart. Dawa yake ni mazoezi ya peke yake na chombo kikiwa tayari kimekazwa, skeli za polepole, macho kwenye vidole na si sikio, mpaka mkono uamini ubao.

Kuhusu chombo chenyewe: kupandisha senti 69 ni kuzidisha mtetemo kwa takriban 1.04, na mvuto wa uzi unakua kwa mraba wake, yaani kama asilimia 8. Uzi wa E wa kawaida unavutwa kwa takriban kilo 8, kwa hiyo unaongeza zaidi ya nusu kilo hapo, na nyuzi nyingine tatu nazo zinapanda. Hazikatiki zote, lakini mambo mawili yanatokea. Kwanza daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, linavutwa kuelekea kwenye ubao wa vidole kila unapokaza, usipolirudisha wima kwa vidole gumba viwili linaweza kuanguka. Pili uzi mpya haukai, unashuka tena na tena. Kaza siku moja au mbili kabla, uache ukae, kisha malizia. Na ukiona programu ina kazi nyingine usiku huo huo, tumia fidla ya pili. Ukikaza na kulegeza chombo kimoja katikati ya tamasha hakitulii hata mara moja.

Mwanakwaya Besi

Hapo nimeelewa. Na ile sehemu ya pili, kuna kitu kinalia kama filimbi za udongo za watoto?

Bonde la Ufa

Ndugu, hizo ni okarina, na kweli ni vyombo vya udongo. Wapiga obo, klarineti na basuni wanaweka vyombo vyao chini na kushika okarina. Sehemu ya pili inaitwa *Aria, Hoquetus, Choral*. Fidla inaanza peke yake, chini kwenye uzi wa G, na wimbo ambao Ligeti aliwahi kuutumia zamani kwenye *Musica ricercata* ya piano na baadaye kwenye *Bagatelle* ya tatu kati ya zile sita za wapulizaji watano. Ni wimbo rahisi kuimbika, mwanakwaya anaweza kuushika mara ya pili akisikia. Kisha okarina zinaingia kama kwaya ya wachungaji.

Tatizo la okarina: sauti yake inategemea pumzi kuliko chombo kingine chochote pale jukwaani. Ukipuliza kwa nguvu inapanda, ukilegeza inashuka. Maana yake huwezi kuongeza sauti ukabaki kwenye noti ile ile, na huwezi kumaliza kwa kufifia bila kushuka. Tena ikiwa baridi iko chini zaidi, na mpulizaji anaichukua ikiwa imekaa mezani dakika kadhaa. Wapulizaji wazuri wanaishika kiganjani au kuiweka ndani ya koti ipate joto. Ligeti alijua yote haya na akaitaka hiyo hali ya kuyumba. Kondakta akilazimisha okarina zikae kama filimbi za okestra anapoteza muda na anapoteza muziki.

Ni hivyo hivyo kwa honi. Ameandika hamoniki za asili na hataki zinyooshwe. Mpiga honi aliyefunzwa ananyoosha kwa midomo na kwa mkono ulio ndani ya kengele ya honi bila hata kufikiri, kwa hiyo lazima aambiwe waziwazi: mkono utulie.

Katika rekodi hii ya Ensemble Modern unasikia kwamba wote wameshaacha kunyoosha. Ndiyo maana kwaya ile ya okarina inaumiza roho badala ya kuchekesha.

Amadinda wa Mengo

Salamu kutoka Kampala. Nafurahi mmeanza na Ligeti maana kuna upande wetu humo ndani ambao watu wa rekodi hawautaji.

Kuanzia miaka ya 1980 Ligeti alisoma kwa bidii utafiti wa muziki wa Afrika: Simha Arom aliyerekodi Afrika ya Kati, na Gerhard Kubik aliyeandika juu ya Uganda. Kitabu kikubwa cha Arom kilipotolewa kwa Kiingereza mwaka 1991, dibaji aliiandika Ligeti. Na Kubik ndiye aliyeeleza kile kinachotokea kwenye amadinda ya Buganda: sikio linasikia nyimbo ambazo hakuna mpigaji hata mmoja anayezipiga.

Amadinda ina funguo 12 za mbao. Wapigaji wawili wanakaa kuelekeana. Wa kwanza anapiga *okunaga*, wa pili *okwawula*, na noti za wa pili zinaingia katikati kabisa ya noti za wa kwanza. Hakuna anayemfuata mwenzake. Kila mmoja kwake yeye yuko juu ya pigo. Ukizijumlisha zinapita mapigo 500 kwa dakika, kasi ambayo mkono mmoja hauwezi. Halafu wa tatu anapiga *okukoonera* kwenye funguo mbili za juu tu: anasikiliza noti mbili za chini kabisa katika huo mchanganyiko na kuzirudia juu. Huyo wa tatu anatoa hadharani mchoro ambao sikio lilikuwa linauhisi tu.

Sasa rudi kwenye *Hoquetus* ya sehemu ya pili na mwendo wa sehemu ya kwanza. Neno lenyewe ni la Ulaya ya zamani, kugawana wimbo noti kwa noti, na Ligeti alikuwa na vyanzo vingi, hakunakili amadinda. Lakini mbinu ya pigo dogo la kasi lililo sawa kwa wote, na kila mtu kuweka mkazo wake mahali pake, aliiona wazi Afrika. Ukihesabu Ligeti kwa mapigo makubwa ya moja-mbili-tatu-nne unapotea. Hesabu pigo dogo kabisa.

Seli na Besi

Mkuu wa Mengo umegusa penyewe. Kwa anayetaka kuupiga au hata kuufanyia mazoezi ya kupiga makofi, njia inayofanya kazi ni hii: weka metronomu ya simu ilie kwenye pigo dogo, bila mkazo wa mwanzo wa kipimo. Piga 3+3+2 kwa mkono wa kulia hadi iwe rahisi. Kisha mguu uende kila pigo la nne. Zikikaa, badilisha mguu uende kila la tatu huku mkono ukiwa bado 3+3+2. Sasa havikutani mpaka mapigo 24 yaishe. Hapo ndipo wengi wanaanguka, na sababu ni moja: mkono unasogezwa kidogo ili ukutane na mguu. Ukijirekodi utasikia mahali hasa unaposogea. Anza pigo dogo likiwa 120 kwa dakika, usipande kabla mara kumi mfululizo hazijatoka safi.

Kopatchinskaja anaweka mkazo wake kwa upinde mfupi mzito karibu na daraja, haongezi vibrato (kutikisa noti kwa kidole). Ndiyo maana unaweza kufuata mstari wake hata okestra ikiwa imejaa.

Sauti Safi

Naomba kutofautiana na wengi hapa. Sipingi kwamba kazi ni ngumu. Ninachosema ni kwamba sauti yake inakwaruza mno. Kuna mahali kwenye Bartók upinde unakuna mpaka noti inapotea. Mpiga fidla Hilary Hahn alirekodi konseto ya mtunzi Schoenberg, Opus 36, na kondakta Salonen na okestra ya redio ya Uswidi, albamu ya 2008 iliyopata Grammy, na Schoenberg si mrahisi kuliko hawa. Kila noti inasikika, safi. Isabelle Faust naye kwenye Bartók na Daniel Harding anafanya vile vile. Kwa nini ugumu uwe lazima uende na ukali wa sauti?

Fidla Mkunazini

Hoja nzuri, tuigawe.

Kwa Schoenberg nakubaliana nawe moja kwa moja. Konseto ile inasimama kwenye safu ya noti 12, na msikilizaji akikosa noti mbili tatu amekosa uzi wa hoja. Usafi wa Hahn hapo ni jibu la kweli la swali la mtunzi.

Bartók ni mwingine. Mwanzo wa konseto, baada ya kinubi kupiga zile kodi (noti kadhaa kwa pamoja) za B meja, fidla inaingia na mwendo wa *verbunkos*, ngoma ya Kihungaria ya kuandikisha askari, iliyopigwa na bendi za vijijini. Upinde unaokwaruza ni sehemu ya lugha hiyo. Kopatchinskaja amekulia kwenye nyumba ya muziki wa aina hiyo, na anaupiga kama lahaja ya nyumbani. Lakini pale unaposema noti inapotea, ni kweli kwenye sehemu ya tatu kuna vipande vya kasi ambavyo amechagua nguvu akaacha uwazi. Faust huko anamzidi. Mtu mwenye nafasi awe nazo zote mbili.

Kisha usikilize sehemu ya pili, *Andante tranquillo*, wimbo na mabadiliko yake sita. Hapo sauti yake ni nyembamba kama hewa, karibu haina vibrato. Anayejua kupiga hivyo hakwaruzi kwa kushindwa.

Kanuni Malindi

Hamjambo. Mimi niko upande wa taarab, naomba niingie kwenye Bartók kwa sababu ya robo toni, yaani nusu ya nusu-toni.

Kabla ya kadensa (pale mpigaji anapoonyesha ufundi peke yake) ya sehemu ya kwanza fidla inapiga robo toni zikizungukazunguka D, juu kidogo, chini kidogo. Mtu wa taarab akisikia anashtuka kwa furaha, anadhani ni maqam, mpangilio wa noti wa muziki wa Kiarabu. Si maqam, na tofauti ni muhimu kwa anayetaka kuelewa. Kwenye Rast, mojawapo ya maqam, noti ya tatu iliyo kati ya ndogo na kubwa ni mahali pa kukaa, wimbo unapumzika juu yake, na kila shule ina urefu wake wa kuiweka. Kwa Bartók robo toni ni ukungu: D inafifishwa kingo zake mpaka husemi tena ni D au la, kisha kadensa inapasua. Hakuna kupumzika.

Bartók hakuwa mgeni wa muziki huo. Alikwenda Biskra, Algeria, mwaka 1913 kurekodi nyimbo za wenyeji, na mwaka 1932 alihudhuria kongamano la muziki wa Kiarabu la Cairo, ambako hizo robo toni zilijadiliwa kwa siku nyingi. Sisemi alizitoa huko. Nasema alipoziandika alikuwa ameshazisikia kutoka kwa wenyewe.

Kwa kidole: chukua D kwenye uzi wa G, maana huwezi kushuka chini ya uzi mtupu wa D. Urefu wa uzi wa fidla kamili ya mtu mzima ni kama milimita 328. Penye D umebaki na kama 219 zinazotetema. Nusu-toni hapo ni milimita 12, robo toni ni 6. Ncha ya kidole cha mtu mzima ni pana kuliko hiyo 6. Kwa hiyo huhamishi kidole, unakiviringisha: ncha ikisimama noti inapanda, nyama ikilala inarudi nyuma. Kosa la kawaida la waliofunzwa kwa piano ni kutelezesha, na sikio likasikia glisando (sauti inayoteleza) badala ya noti tatu tofauti. Wanafunzi wa fidla wa Unguja wanaosoma maqam tangu mwanzo, pale Dhow Countries Music Academy kwa mfano, wanalifanya hili bila maelezo marefu.

Sauti Safi

Mwalimu, hili la kuviringisha nimelijaribu sasa hivi kwenye chombo, linaingia. Asante. Swali jingine la Bartók: mbona mwisho wa konseto hautofautiani sana na rekodi nyingine? Nilisoma kuna miisho miwili.

Bonde la Ufa

Ipo miwili, kweli. Bartók aliandika konseto kwa ajili ya mpiga fidla Zoltán Székely. Bartók alitaka kutunga mfululizo wa mabadiliko ya wimbo mmoja. Székely akasisitiza konseto ya kawaida ya sehemu tatu. Bartók akampa sehemu tatu, lakini akapitisha lake: sehemu ya tatu ni sehemu ya kwanza iliyogeuzwa, mawazo yale yale, mwendo wa mapigo manne umekuwa wa matatu. Jaribu kusikiliza sekunde 30 za mwanzo wa ya kwanza, ukatize, uweke mwanzo wa ya tatu. Utawatambua ndugu hao.

Mwisho wa awali uliiacha okestra imalize peke yake, vyombo vya shaba vikipiga glisando, fidla imenyamaza. Székely hakukubali, akaomba mpigaji wa fidla amalize kazi yake, na Bartók akaandika mwisho wa pili. Wengi hupiga huo wa pili. Uzinduzi ulikuwa Amsterdam, 23 Machi 1939, kondakta Mengelberg na okestra ya Concertgebouw, na rekodi ya usiku ule ipo. Ina mikwaruzo ya diski za zamani, lakini Székely anavyoanza ni kumbukumbu ambayo kila mwanafunzi wa konseto hii aisikie.

Jambo dogo la kusikiliza: wimbo wa pili wa sehemu ya kwanza, ule mtulivu, unapita noti zote 12. Mpiga fidla Menuhin alisimulia kwamba Bartók alitaka kumwonyesha Schoenberg kuwa unaweza kuzitumia zote 12 na bado noti moja ikabaki kuwa nyumbani. Sikiliza chini yake, A inashikiliwa.

Mwanakwaya Besi

*Seven* bado hatujaigusa. Mimi nimeisikiliza kwa spika ya bluetooth na sikuona ndani, nikaona fidla moja na vurugu.

Fidla Mkunazini

Spika moja ndiyo iliyokunyima. *Seven* ni kumbukumbu ya wanaanga saba waliokufa chombo cha Columbia kilipovunjika angani kikirejea, tarehe 1 Februari 2003. Kila kitu kimejengwa juu ya saba. Wapigaji 49 wamegawanywa makundi 7. Fidla za peke yake ni 7: moja jukwaani, nyingine 6 zimetawanywa ndani ya ukumbi, kati ya watu. Sehemu ya kwanza imejengwa kwa kadensa, kuwakumbuka wale saba. Uzinduzi ulikuwa Lucerne, 2007, Akiko Suwanai akipiga na Pierre Boulez akiongoza.

Ukumbini fidla ya jukwaani inapiga kitu na jibu linatoka nyuma ya kisogo chako. Sasa stereo ina njia mbili tu, kushoto na kulia, haina nyuma. Fidla hizo 6 zinabaki zinatambulika kwa umbali: kavu ni ya karibu, yenye mwangwi ni ya mbali. Spika moja inachanganya kushoto na kulia kuwa kitu kimoja, na umbali wenyewe unazama kwenye kelele za chumba. Tumia visikilizio vya masikio, hata vya waya vya bei ya chini, utaona ukumbi unafunguka.

Ugumu wa mpigaji hapa ni wa muda. Sauti inakwenda takriban mita 340 kwa sekunde. Mwenzako akiwa mita 30 nyuma ya ukumbi, sauti yake inakufikia ikiwa imechelewa karibu sehemu moja ya kumi na moja ya sekunde, na kwenye noti za kasi hiyo ni noti nzima. Ukimfuata kwa sikio, mnachelewa wote, na yeye anakusikia umechelewa zaidi. Kwa hiyo wote saba wanafuata mkono wa kondakta kwa macho, masikio yakibaki kwa ajili ya sauti tu. Faida ya kuwa na mtunzi mwenyewe kwenye jukwaa la kondakta iko hapo: Eötvös alijua ni wapi kuchelewa kumekusudiwa.

Seli na Besi

Kuhusu kusikiliza, niongezee wenye simu. Muziki huu una tofauti kubwa kati ya sauti ndogo na kubwa. Nenda kwenye mipangilio ya programu yako ya muziki, zima kile kipengele cha kusawazisha sauti. Kinapandisha minong'ono ya Ligeti na kubana milipuko, na sehemu ya kwanza inakuwa bapa. Panga sauti kwa kutumia sehemu kubwa, siyo mwanzo. Ukiongeza mwanzoni ili usikie zile nyuzi tupu, *Passacaglia*, sehemu ya nne, itakuumiza masikio. Inaanza polepole kama moshi, inapanda, na mwishoni inalipuka.

Kwa wanaohesabu bando: ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde ni megabaiti 2.4 kwa dakika. Ligeti wa takriban dakika 28 ni kama megabaiti 67. Ukishusha hadi 96 ni 20 tu, lakini hamoniki za juu na mwangwi wa ukumbi ndivyo vinavyokatwa kwanza, na ndivyo tunavyovizungumzia uzi mzima. Pakua mara moja kwa ubora wa juu ukiwa kwenye Wi-Fi.

Amadinda wa Mengo

Kadensa ya Ligeti nayo? Mwisho wa sehemu ya tano. Nimesikia rekodi mbili na hazifanani hata kidogo.

Bonde la Ufa

Hazifanani kwa sababu Ligeti ameruhusu. Ile ya Gawriloff imetoka kwenye malighafi ya sehemu ya kwanza ya toleo la 1990, ambayo Ligeti aliitupa. Unaisikia kwenye rekodi yake na Boulez, ya Deutsche Grammophon. Mpigaji anaruhusiwa kutunga ya kwake, na Kopatchinskaja ni mmoja wa waliofanya hivyo. Augustin Hadelich kwenye albamu yake ya 2019, Brahms na Ligeti na okestra ya redio ya Norway, anapiga kadensa ya mtunzi Thomas Adès, ngumu kupindukia na imepangika mno.

Sharti la kadensa yoyote hapo ni kwamba iishe kwa kukatizwa. Okestra inarudi na kuifunga kwa ghafla. Anayetunga yake ajenge kasi isiyo na mahali pa kutua, asiweke mwisho mzuri wa kupigiwa makofi, kwa sababu ukiweka mwisho, kukatizwa kunakosa maana. Na aandike ishara moja ya wazi kwa kondakta, noti ya juu inayoshikwa au nyuzi mbili tupu, kama kipimo kimoja kabla. Bila hiyo okestra inaingia imetawanyika.

Fidla Mkunazini

Kwa anayeanza leo, usifuate mpangilio wa CD. Anza na *Aria* ya Ligeti mpaka kwaya ya okarina, kisha *Andante* ya Bartók. Siku nyingine Ligeti yote tangu mwanzo, ukimsaka yule fidla wa senti 69. *Seven* iwe ya mwisho, na visikilizio masikioni. Mwenye nakala ya noti za Ligeti alete namba za vipimo ambapo viola ya skordatura inapiga peke yake, tuendelee kutoka hapo.